Nchi Iliyopima Nepi

Kulikuwa na nchi. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, aende akapimwe macho, kwa sababu nchi hii haipo, haikuwahi kuwapo, na hata jina haina. Zamani ilikuwa nalo jina zuri tu, ila lilikuwa limechapwa kwenye mifuko ya plastiki ya dukani, na mifuko ilipopigwa marufuku, jina nalo likaenda na mifuko. Tume iliundwa kutafuta jina jipya lisilochafua mito. Mpaka leo tume inakaa, inakunywa maji ya chupa, na inaomba isiharakishwe.

Katika nchi hiyo, kwenye Mtaa wa Bondeni, aliishi mwanamke aitwaye Mashavu pamoja na mama yake, Bi Tumu. Mashavu alikuwa mshonaji wa mapazia, mtu wa makamo, mwembamba licha ya jina lake, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi kuliko mikono. Ulimi aliurithi kwa mama. Bi Tumu mwenyewe alikuwa wa kitandani tangu kiharusi kimpige. Kichwa chake kilikuwa kizima na mdomo wake mzima zaidi, lakini upande wa kushoto haukumsikiliza tena, na haja zilikuja bila hodi. Kwa hiyo Mashavu alimvalisha nepi, zile kubwa za watu wazima, za kuvaa mara moja na kutupa, akambadilisha asubuhi, mchana, jioni, na kila ilipohitajika.

Mashavu aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni vidonda vya kulala. Mgonjwa akikaa na unyevu, ngozi ya nyonga hulainika, huchubuka, na kidonda kikishafunguka hakifungi kwa urahisi. Shangazi yake alikufa kwa vidonda hivyo, na Mashavu alikuwa miongoni mwa waliomwosha maiti, akaviona kwa macho yake. Siku ile aliapa kwamba mama yake atakufa kwa lolote atakalopenda Mungu, lakini si kwa kulowa.

*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mizani. Kazi yake ilikuwa kupima vitu vyote vya nyumbani vinavyotumiwa mara moja na kutupwa, ili ijulikane kipi kinaiumiza dunia zaidi. Hakuna aliyeipinga kazi hiyo, maana bonde lilikuwa kweli limejaa na mto ulikuwa kweli umekonda. Nepi ya plastiki ukiitupa, itakaa bondeni mpaka wajukuu wa wajukuu zako waje waikute. Ukitumia ya kitambaa, inataka maji ya kufulia, sabuni inashuka mtoni, na kuni za kuchemshia zinatoka msituni. Kila njia ilikuwa na dhara lake. Watu wa kawaida walilijua hilo, wakawa wanachagua kulingana na maji waliyonayo siku hiyo. Wizara ikasema huo ni uholela.

Waziri alikuwa Mheshimiwa Profesa Lukindo, mtu wa sauti nene, aliyekuwa na tabia ya kufumba macho kila anapotaja neno "mazingira", kama mtu anayemtaja marehemu. Siku ya kwanza alipofika Mtaa wa Bondeni alikuja na msafara mrefu wa magari, jukwaa la kukodi, maputo ya kijani, na fulana zilizoandikwa TUPUNGUZE KUTUPA. Wananchi waligawiwa biskuti kwenye sahani nyeupe za plastiki, na jioni sahani zote zilikuwa bondeni.

"Ndugu wananchi," alisema, akafumba macho. "Mazingira! Wataalamu wetu wameiweka nepi ya plastiki kwenye mizani, na mizani imelia. Narudia, imelia! Kuanzia leo nepi ya kutupa ni adui wa taifa. Tunarudi kwa mababu zetu, tunarudi kwenye kitambaa!"

Watu walipiga makofi. Mashavu naye alipiga, kwani hakuwa na ugomvi na mababu. Akaenda nyumbani, akafungua sanduku, akaanza kuchana kanga zake kuukuu, zile zilizolainika kwa kufuliwa, kama wanawake wa huko walivyozoea kuwachania watoto wachanga mawinda. Bi Tumu alimtazama kutoka kitandani.

"Hiyo ya maua mekundu si ya harusi yako?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Chana tu. Itanifaa mimi kuliko alivyokufaa yule bwana."

Nchi nzima ikafua. Kila kamba ilipeperusha mawinda, mto ukatoka povu mpaka ng'ombe wakakataa kunywa, na visima vya Bondeni vikaanza kutoa tope. Wizara ikapima tena. Mheshimiwa akarudi na jukwaa lilelile, maputo mapya, na fulana zilizoandikwa TUPUNGUZE KUFUA. Zile za zamani zilikusanywa na kutupwa, maana ujumbe wake ulikuwa umepitwa na wakati.

"Winda moja linakunywa ndoo nzima!" alinguruma. "Mto wetu unanyonywa mchana kweupe na watu wasiojizuia!"

Wakaanzishwa Askari wa Kamba. Hao walipita uani kukagua nguo zilizoanikwa, na kitambaa chochote cha pembe tatu kilichukuliwa kuwa ushahidi. Mashavu akawa anaanika vya mama yake nyuma ya mapazia ya wateja. Wizara ikashauri majani ya migomba, na migomba ikabaki uchi kama miti ya kiangazi, kisha majani yakapigwa marufuku kwa kosa la kumaliza migomba. Watu wakahamia kwenye magazeti. Magazeti yalifaa kidogo, mpaka askari mmoja mwangalifu alipogundua kwamba picha ya Mheshimiwa ilitoka ukurasa wa mbele kila siku, na kwamba katika nyumba nyingi sasa inakaliwa. Hilo halikuhitaji mizani. Likapigwa marufuku jioni hiyohiyo.

Baada ya hapo hapakuwa na kilichoruhusiwa. Redio ilitangaza kwamba wananchi wavumilie utafiti unapoendelea.

Mashavu alitumia kila alichoweza kuficha. Alitumia vipande vya mapazia, shuka, hata bitana ya koti la marehemu baba yake. Alifua kwa maji ya bakuli moja, akaanika ndani juu ya jiko, na vitambaa havikukauka vizuri. Siku moja, alipokuwa akimgeuza mama yake, aliona doa jekundu kwenye nyonga. Alilibonyeza kwa kidole. Halikupauka; kidonda kilikuwa kinaanza.

"Umeona nini?" Bi Tumu aliuliza.

"Sijaona kitu, mama."

"Basi mbona umeacha kupumua?"

*

Ni haki tuseme kwamba serikali ya nchi hiyo ilikuwa sikivu. Sheria yake ilikataza agizo lolote kutolewa pasipo maoni ya wananchi. Kila baada ya muda uliitishwa Mkutano wa Maoni, na mbele kabisa alikaa Karani wa Maoni, akiandika kila neno lililotoka kinywani mwa raia. Shida ilikuwa hapo tu, kwamba aliandika kila neno, na waliosoma alichoandika walikuwa watu wasiojua utani. Mtaa wa jirani daraja lilipokatika, fundi baiskeli mmoja alisema kwa hasira, "Basi si tuogelee tu!" Mvua zilipofuata, Waziri wa Ujenzi alikuja na bendi kukata utepe wa Kivuko cha Kuogelea, na fundi baiskeli akapewa heshima ya kuvuka wa kwanza. Hakufika ng'ambo. Kivuko kimepewa jina lake, na maua huwekwa pale kila mwaka, ya plastiki.

Tangu hapo watu wakaanzisha desturi yao. Hakuna aliyekwenda Mkutano wa Maoni bila muhogo mbichi. Kila mtu alikuja na kipande chake kimemenywa tayari, na Karani alipoinua macho kutafuta msemaji, watu walijaza vinywa na kutafuna. Muhogo mbichi ukiujaza sawasawa hauruhusu hata kuguna. Mikutano ikawa mitulivu, watu wakitazama mbele huku mataya yakienda. Karani aliandika kwamba wananchi walishiriki kwa hamu.

Mkutano wa nepi uliitishwa asubuhi ileile ambayo Mashavu alimgeuza mama yake na kukuta doa limefunguka. Halikuwa kubwa, lakini lilikuwa kidonda. Alilisafisha kwa maji ya chumvi, na Bi Tumu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alishika tu ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima. Askari wa Kamba walipita wakigonga milango kuwaita watu. Mashavu alitoka mbio, mikono bado imelowa maji ya chumvi, akakaa nyuma karibu na Zamda, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyekuwa amembeba mwanawe mchanga mgongoni.

Zamda alimtazama mikono. "Dada, muhogo wako uko wapi?" alinong'ona.

"Nimesahau."

"Yarabi. Ngoja nikukatie." Lakini kipande cha Zamda kilikuwa kigumu, na hakuwa na kisu, akawa anahangaika kukivunja kwa magoti huku Mheshimiwa akipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa. "Plastiki imetuangusha. Kitambaa kimetuangusha. Jani limetuangusha. Gazeti," hapa sauti ilitetemeka, "gazeti limetudhalilisha. Sasa serikali yenu inakuja kwenu kwa unyenyekevu kuuliza, tufanye nini?"

Mtaa mzima ukatafuna.

"Wataalamu wanatuambia," aliendelea, "kwamba tatizo si kila nyumba. Zipo nyumba chache zinazotumia kupita kiasi. Zina watu ambao hawajifunzi, hawabadiliki, hawapunguzi. Wataalamu wanaita hali hiyo uzembe wa viungo."

Mashavu alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba amesimama. Zamda alimvuta gauni, akamnyooshea kipande cha muhogo, lakini Mashavu hakukiona.

"Uzembe?" alisema. "Mheshimiwa, mama yangu ni mgonjwa. Hajalala pale kwa kupenda. Leo asubuhi nimeona nyama ya mama yangu, na bado mnaniuliza maoni! Plastiki mmekataa, kitambaa mmekataa, jani mmekataa, karatasi mmekataa. Sasa si mseme tu tuwatupe wagonjwa wenyewe? Leteni lori, mpakie, mkamwage, mazingira yenu yapumzike!"

Mataya yote yalisimama. Mtoto wa Zamda alilia kidogo, akanyamaza. Kwenye meza ya mbele ilisikika kalamu ikiandika, ikafika mwisho wa mstari, ikaanza mwingine.

"Samahani, mama," Karani alisema kwa adabu. "Lori moja, au malori?"

"Ati?"

"Moja," Karani alijijibu, akaandika.

Mheshimiwa alikuwa amesimama tuli. Macho yake yalikuwa na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, ndiyo maana Mashavu alianza kuogopa.

"Mnamwona huyu?" Mheshimiwa alisema taratibu. "Mnamwona? Maprofesa wamekaa kwenye mizani mwaka mzima wakipima kitu. Plastiki, kitambaa, jani. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kumpima mtumiaji! Imembidi atoke mama wa kawaida, mwenye mgonjwa wake mwenyewe ndani, aseme: anzeni na wangu. Huo ndio uzalendo!"

"Sikusema hivyo!" Mashavu alipaza sauti. "Mheshimiwa, sikusema—"

Bendi ikapiga.

*

Usiku huo Mashavu hakulala, na kulipokucha alikwenda wizarani kuyaondoa maneno yake. Alipokelewa vizuri mno. Walinzi walimpigia saluti. Ofisi ya Mheshimiwa ilikuwa na maua ya plastiki kila pembe, na Mheshimiwa alikuwa akinywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi kilichotumbukizwa ndani ya kingine cha karatasi ili kisimwunguze vidole. Karani alikuwa pembeni, kalamu mkononi.

"Karibu, karibu sana, mwanzilishi wetu."

"Mheshimiwa, nimekuja kufuta nilichosema."

"Maoni hayafutwi, dada yangu. Ukishayatoa ni mali ya umma."

"Lakini sikumaanisha. Nilikuwa nakejeli."

Mheshimiwa alimtazama Karani, Karani akatikisa kichwa kuonyesha kwamba naye halijui jambo hilo.

"Nilikuwa na hasira," Mashavu alieleza. "Mtu akiwa na hasira anasema kinyume cha anachotaka, ili mwenzake aone ubaya wake. Hata watoto wanaelewa."

Mheshimiwa aliweka vikombe vyake chini. "Ngoja nikuelewe. Ulisimama mbele ya serikali, ukatoa maoni, yakaandikwa, na ulijua kwamba si maoni yako?"

Mashavu aliitazama kalamu ya Karani.

"Hilo lina jina kwenye sheria zetu, dada. Linaitwa udanganyifu wa maoni, na mtu anafungwa. Mimi sitaki ufungwe. Nataka tusaidiane." Akainama mbele, na sauti ikawa ya upole. "Hebu tuambie. Ulitudanganya, au ulitushauri?"

Mashavu alifikiria jela, na hakuiogopa kwa ajili yake mwenyewe. Alifikiria saa za mchana, wakati mama yake anatakiwa kugeuzwa. Ndugu wengine hawakuwapo. Zamda alikuwa na kichanga na wifi mkorofi. Alimwona mama yake amelala juu ya kidonda kile akiita, akiita tena, mpaka ameacha kuita.

"Nilishauri," alisema.

"Sauti kidogo."

"Nilishauri, Mheshimiwa."

Karani aliandika. Mheshimiwa alifurahi sana, akafungua kabati na kumkabidhi kikombe cha ushindi cha plastiki kilichopakwa rangi ya dhahabu. Alimwambia kwamba mpango huo utaitwa Mpango wa Mashavu, na kwa kumheshimu, wataanzia kwake. Lori litakuja Alhamisi.

"Watapelekwa wapi?" Mashavu aliuliza.

"Kituoni."

"Kituo kipi?"

"Kitajengwa."

"Lini?"

Mheshimiwa alimgeukia Karani, Karani akapekua kurasa zake, akasoma kwa makini. "Maoni ya mama yanataja lori," alisema. "Kituo hayakukitaja."

"Umeona?" Mheshimiwa alisema, akimsindikiza mlangoni kwa mkono begani. "Sisi hatuongezi lolote la kwetu."

*

Alirudi nyumbani akakuta Askari wa Kamba wawili wamesimama mlangoni. Walisema wamewekwa kumlinda, yeye ni mtu mkubwa sasa. Mmoja alimpokea kikombe cha dhahabu ili asichoke kukibeba, akakiweka dirishani, mahali kitakapoonekana vizuri kutoka barabarani.

Mashavu alimwosha mama yake, akamkausha, akampaka mafuta ya nazi pembeni mwa kidonda. Alifanya yote polepole kuliko kawaida. Bi Tumu alimwacha amalize.

"Haya, sema," Bi Tumu alisema. "Wale wanaume nje wanasubiri nini? Nimechumbiwa?"

Mashavu alimwambia yote. Hakupunguza, hakujitetea.

"Ulisema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako?"

"Mimi mwenyewe, mama. Na wizarani nikaulizwa, nikakubali."

Bi Tumu alitazama dari. Alikuwa mwanamke aliyecheka misibani na kuwatania masheha, na Mashavu alingoja neno, lolote, hata la kumchoma. Angeshukuru kuchomwa.

"Ulikuwa umeona kidonda asubuhi ile," Bi Tumu alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ningekuwa mimi, wewe ndiye umelala hapa, ningesema mabaya zaidi." Akamshika kidole kimoja, hakukiachia. "Mashavu, mwanangu, mimi naogopa."

Ilikuwa mara ya kwanza Mashavu kumsikia mama yake akitamka neno hilo. Alipanda kitandani, akalala ubavuni mwake upande ule usiouma, kama alivyokuwa akilala utotoni. Nje askari walikuwa wakisifiana viatu.

*

Alhamisi lori lilikuja. Lilikuwa lile la taka la kila wiki, limeoshwa na kufungwa maputo, na harufu yake ilikuwa palepale. Mheshimiwa alikuja na bendi na fulana mpya, TUPUNGUZE. Neno lililofuata lilikuwa limeachwa wazi, likingoja utafiti. Mtaa wote ulipangwa pande mbili za barabara. Kila kinywa kilikuwa kimejaa muhogo, na ilisikika sauti moja tu ya meno ya watu wengi yakisaga.

Askari wanne walimtoa Bi Tumu na godoro lake. Walikuwa waangalifu, hata kwenye kizingiti waliinama asigongwe kichwa. Walimpandisha nyuma ya lori na kumlaza juu ya bati. Mashavu akapanda nyuma yake.

"Wewe humo, mama," Karani alisema. "Maoni yanasema wagonjwa."

"Huyu hawezi kujigeuza. Mimi ndiye ninayemgeuza. Mkimchukua yeye mnichukue na mimi."

Karani alimtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alifikiri kidogo.

"Vifaa vya mtumiaji viende pamoja na mtumiaji," aliamua, na Karani akamwandika Mashavu chini ya vifaa, baada ya godoro.

Hotuba ikaanza. Mheshimiwa alisema kwamba leo taifa limepunguza, kwamba dunia inatutazama, kwamba bonde litashukuru. Aliposema "mazingira" alifumba macho. Ndani ya lori Bi Tumu alimgusa bintiye gotini.

"Nimelowa," alinong'ona.

Mashavu alitazama watu waliojaa barabarani, akamtazama mama yake. Alivua kanga yake ya begani. Pindo moja aliling'ata kwa meno, jingine akalishika kwa mkono wa kushoto, ikawa pazia kati ya mama yake na mtaa mzima, na kwa mkono wa kulia akaanza kumbadilisha. Kitambaa cha mwisho kikavu alikuwa amekificha kifuani. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alimpenda mama yake kuliko alivyowahi kujua. Watu walioona walishusha macho. Wengine walitafuna huku machozi yakiwatoka.

Hapo ndipo Zamda alipotoka mstarini.

Mashavu alimwona juu ya ukingo wa kanga. Mtoto mgongoni mwa Zamda alikuwa na kile kitambaa kinene kiunoni ambacho kila mtu mtaani alikijua na hakuna aliyekitaja, na maji yalikuwa yameshuka mpaka kwenye gauni la mama yake. Zamda alikuwa akimtazama Mheshimiwa, kisha lori, kisha Mheshimiwa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuhakikishiwa jambo dogo ili arudi nyumbani akalale. Akatoa muhogo kinywani.

Mashavu alitikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, akaguna kwa meno yaliyoshika kanga, lakini bendi ilikuwa bado inamalizia, na Zamda hakutazama upande ule. Akiachia kanga, mama yake angebaki uchi mbele ya mtaa alioishi maisha yake yote.

"Mheshimiwa, samahani," Zamda alisema, kwa sauti nzuri ya heshima. "Nilitaka kuuliza tu. Watoto wachanga hawahusiki, sivyo?"

Mashavu alifungua mdomo akapiga kelele, "Zamda, nyamaza!" Kanga ikaanguka. Bi Tumu aliitafuta kwa mkono wake mzima, hakuifikia, akajifunika kwa kiganja.

Mheshimiwa hakugeuka kuwatazama. Jambo la watoto lilikuwa halijawahi kumpitia akilini. Alinyoosha mkono bendi ikanyamaza, akamwita Zamda asogee karibu na meza, na kwa upole mkubwa akamwomba arudie alichosema, taratibu, ili Karani aandike.